Majarida ya kiume au ya wanaume? Ya zamani au ya kizamani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na ametuachia sanduku la majarida ya Marekani na Uingereza ya kati ya 1960 na 1964: Esquire, Playboy, True na machache ya Town. Nataka kuyauza mtandaoni. Nimeandika tangazo: "Majarida ya kiume ya kizamani, mapema miaka ya sitini." Dada yangu amecheka sana. Anasema hicho si Kiswahili, na kwamba hata jarida si neno lake, haya ni magazeti. Nani mkweli kati yetu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dada yako amecheka kwa haki, ingawa hilo la magazeti nitalirudia, maana hapo naye kateleza kidogo.

Ugomvi wenu karibu wote umo katika silabi moja: ki. Ukisema kitu ni cha fulani, unamtaja mwenyewe au anayekitumia. Ukiingiza ki, unaacha kumtaja mtu na kuanza kueleza kitu kilivyo. Mchezo wa watoto ni ule wanaoucheza watoto, na unaweza kuwa mgumu kuliko bao. Mchezo wa kitoto ni upuuzi, hata ukichezwa na mawaziri. Kiti cha mfalme ni anachokalia mfalme, hata kama ni kigoda. Kiti cha kifalme unaweza kukikodi hapo mjini kwa ajili ya harusi na kukirudisha Jumatatu.

Basi jarida la zamani ni lililochapishwa zamani. Jarida la kizamani ni lililopitwa na wakati kwa sura au fikra, hata kama wino wake haujakauka. Anayetafuta Esquire ya 1963 anatafuta la zamani. Ukimwambia ni la kizamani, unaitukana bidhaa yako mwenyewe kabla yeye hajaitukana ili apunguziwe bei. Tena unaisingizia. Jalada la Esquire la Desemba 1963, lililobuniwa na George Lois, lilimwonyesha bondia Sonny Liston amevaa kofia ya Baba Krismasi: mtu mweusi ambaye Wamarekani wengi walimwogopa, amekaa kwenye nafasi ya mzee mweupe wa zawadi, mwaka ule ule wa maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi. Likikosa kitu jalada lile, si usasa.

Usikimbilie "ya kale" ukidhani ni heshima zaidi. Kale ni mbali. Idara ya Mambo ya Kale hushughulika na magofu ya Kilwa Kisiwani na michoro ya miambani ya Kondoa, si na matangazo ya wiski na suti. Kuukuu na chakavu ndiyo kabisa usiyaguse, labda kama panya walitangulia sandukuni. Vijana wangesema "zilipendwa", na nakiri neno hilo linanifurahisha, kwa sababu limebeba umri na mapenzi kwa pamoja. Lakini limezaliwa kwenye nyimbo na limeganda na upatanisho wa nyimbo, yaani kiambishi zi. Kwa majarida ingebidi yawe "yalipendwa", na hapo utamu wote unakwisha.

Kiume panahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa si kosa la moja kwa moja. Twasema mtoto wa kiume, shati la kiume, viatu vya kiume. Hapo tunaeleza jinsia au mshono. Mwanamke akiazima shati la kaka yake, akalivaa, hugeuki ukaliita la kike. Ni la kiume vile vile, kwa kuwa ukiume wa shati uko kwenye kola na vifungo, si kwa aliyelivaa. Lakini twasema choo cha wanaume, wodi ya wanaume, bweni la wanaume. Kuta za wodi hazina jinsia. Tunawataja waliokusudiwa kuingia.

Jarida liko upande wa wodi. Karatasi ni karatasi. Kinacholitenga ni wasomaji waliolengwa. Na wenye majarida hayo walisema hivyo wenyewe, juu ya jalada. Esquire, lililoanza 1933, lilijitambulisha kuwa ni jarida kwa wanaume. Playboy, lililoanza Chicago mwaka 1953 chini ya Hugh Hefner, lilijiita burudani kwa wanaume. Kwa hiyo andika majarida ya wanaume.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa kiume. Neno hilo lina maana ya ushupavu: jikaze kiume, alipambana kiume. Ukiandika jarida la kiume, msomaji anaona misuli na bunduki. Kwa True hiyo si mbali na ukweli: kurasa zake zilijaa vita, uwindaji, uvuvi wa bahari kuu na watu walionusurika. Ningelieleza kuwa ni jarida la wanaume lenye visa vya kiume, na kila neno lingekuwa mahali pake. Lakini Playboy la Septemba 1962 ukiliita la kiume hujasema lolote. Katika toleo hilo mwandishi Alex Haley alimhoji mpiga tarumbeta Miles Davis, na mengi waliyozungumza yalihusu ubaguzi wa rangi. Ndiyo yaliyofungua mlolongo wa mahojiano marefu ya jarida hilo. Mei 1963 Haley huyo huyo alimhoji Malcolm X, mtetezi wa watu weusi. Kama matoleo hayo mawili yamo sandukuni mwa mjomba, yataje kwa mwezi na mwaka, maana wapo wanaoyatafuta kwa ajili ya mahojiano.

Najua unachotaka kuniuliza: na zile picha? Zitaje waziwazi, kwamba lina picha za utupu, au sema ni jarida la kikubwa. Hapa ki inakufaa kweli. Jarida la wakubwa lingekuwa la mabosi. Jarida la kikubwa kila mtu mzima analielewa, na watoto wanafukuzwa sebuleni.

Kama ungekuwa na Gentlemen's Quarterly, lililoanza kutumia jina hilo mwaka 1957 na kushughulikia zaidi mavazi, ungesema ni jarida la mavazi ya kiume. Kiume hapo inasimama vizuri kwa kuwa imeshika mavazi, haikushika jarida.

Sasa dada yako na magazeti yake. Kwa masikio ya wazee hajakosea. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, na wasomaji wake waliliita gazeti bila kuona tatizo. Kwa Kiarabu, tulikolitoa neno jarida, jarida ni gazeti hasa. Waulize jamaa zetu wa Muscat wanaozungumza lugha zote mbili. Sisi tumeyagawia kazi maneno hayo mawili baadaye: gazeti kwa la kila siku au kila wiki lenye habari, jarida kwa linalokaa muda mrefu mezani. Mgawanyo huo unafaa, na kwa bidhaa yako unasaidia, kwa sababu mtu akisikia magazeti ya 1962 anaweza kufikiri ni karatasi za kufungia maandazi.

"Mapema miaka ya sitini" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mapema ni kabla ya wakati uliotarajiwa: njoo mapema, alifariki mapema. Mwaka hauwi mapema. Sema mwanzoni mwa miaka ya 1960, na uandike tarakimu zote nne.

Tangazo lako basi lingesomeka hivi: "Majarida ya wanaume ya zamani, kutoka Marekani na Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yako katika hali nzuri. Baadhi ni ya kikubwa." Hilo la hali nzuri liandike ikiwa ni kweli tu. Hesabu kurasa kwanza, hasa za katikati, ambazo mabaharia walikuwa na tabia ya kuzibandika ukutani.

Na uangalie majalada ya Town. Jarida hilo la London lilianza kwa jina Man About Town, likafupishwa kuwa About Town, na mwaka 1962 likabaki Town tupu. Nakala za mjomba zinaweza kuwa na majina mawili au matatu. Nakili lililo kwenye jalada la kila moja, usiyasawazishe.