Goti limegoma, naweza kuwa mwigizaji?

SWALI: Shikamoo anko, mi napiga mpira tangu mdogo ila goti limegoma, saa hizi nataka kuigiza. Washkaji wanasema mchezaji ataishia kuuza sura tu. Kuna aliyetoboa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na goti. Yupo, Eric Cantona wa Man United, yule wa kola juu. Alistaafu 1997 akiwa na miaka 30 tu, tena katoka kubeba ubingwa, 1998 huyo hapo kwenye filamu ya Elizabeth. Ila wengi hawajui kwamba alianza mapema, filamu yake ya kwanza ilitoka Ufaransa 1995, mwaka uleule aliofungiwa miezi 8 kwa kumrukia shabiki teke, yaani hakusubiri mpira uishe ndo aanze kujifunza.

Mi iliyonigusa ni Looking for Eric ya 2009, anaigiza kama yeye mwenyewe, halafu kuna mpeleka barua aliyechoka na maisha anamuuliza wakati gani ulikuwa mtamu kuliko yote uwanjani, bao gani, naye anamwambia halikuwa bao, ilikuwa pasi. Hapo anaongea taratibu, macho yametulia, unamuamini kabisa. Kuuza sura hakukufikishi hapo mwanangu, tafuta kikundi cha maigizo mtaani kwenu wiki hii hii, hata wakikupa sini moja ichukue.