Jodari wa saa kumi na moja

Nilimnunua gatini Lamu, saa kumi na moja jioni, nikishuka boti ya kutoka Mokowe, bara ng'ambo ya kisiwa chetu. Kijana alikuwa amebakiwa na jodari watatu juu ya gunia, na bei aliyonitajia ilikuwa nusu ya bei ya asubuhi. Nilikuwa hoi, watoto wananisubiri, na mavyaa amekuja kutoka Matondoni kututembelea. Nikamchukua mmoja. Nikamkata vipande, nikampaka ndimu, thomu na chumvi, nikamkaanga mpaka akakauka. Alikuwa mtamu, ila alikuwa akiwashawasha ulimi kama pilipili manga. Nikasema moyoni, leo mkono wangu umezidi.

Nusu saa haikutimia uso wangu ulianza kuwaka. Nilijitazama kwenye kioo nikajiona mwekundu shingo mpaka kifuani, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Mavyaa naye alikuwa ameketi barazani anajikuna mikono na kusema, "Mwanangu, mimi nimeingiliwa na nini?" Watoto walisalimika kwa sababu jodari hawampendi, walikuwa wamejikaangia mayai.

Daktari wa zamu alituuliza swali moja tu kabla hata hajatugusa: "Mmekula samaki gani, na alikaa juani muda gani?" Akatupa vidonge vya mzio, na kufikia alfajiri tulikuwa wazima. Lakini maneno aliyonieleza usiku ule ndiyo yaliyobadilisha jiko langu. Jodari, nguru, vibua na jamii zao wana kitu katika nyama yao ambacho bakteria, samaki akikaa kwenye joto, hukigeuza kuwa histamini. Na histamini ikishajengeka haitoki. Huiui kwa kukaanga, wala kwa kuchemsha, wala kwa kumgandisha samaki baadaye. Ndimu huondoa shombo, haiondoi sumu hiyo. Samaki anaweza kuonekana mzima na kunuka vizuri tu. Wakati mwingine dalili pekee ni ule muwasho wa ulimi, ambao mimi niliusingizia pilipili.

Nilikuwa mtu wa usafi sana. Nikisugua sufuria mpaka unajiona ndani yake. Sikuwahi kufikiri kwamba adui wangu si uchafu peke yake, ni saa. Saa ambazo samaki alikaa gatini, saa ambazo wali ulikaa mezani, saa ambazo nyama iliyeyuka kwenye sinki nikiwa kazini ng'ambo. Sisi tunaotoka alfajiri na kurudi magharibi, chakula chetu kina saa nyingi za kukaa peke yake bila mtu wa kukiangalia.

Nianze na samaki, maana Lamu bila samaki ni nini. Siku hizi sinunui jioni kama sikumwona amelala kwenye barafu. Nikikosa, tunakula kunde. Jumamosi asubuhi ndiyo siku yangu ya soko, pale karibu na Ngome, na huenda mapema. Mzee mmoja muuza samaki ndiye aliyenifundisha kutazama, naye kwa Kiamu chake husema "angalia mato". Macho yawe yamejaa na yanang'aa, si yaliyozama na kuingia ukungu. Matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole, ikirudi juu, sawa, ikibaki shimo, mwache. Kwa changu, tewa au tasi, kanuni hizi zinatosha sana. Kwa jodari na nguru hazitoshi, kama nilivyokwisha kuonja, na hapo lazima uulize kuhusu barafu.

Nyumbani nina chupa nne za soda nilizozijaza maji na kuzigandisha. Nikienda sokoni huzitia ndani ya kapu, samaki katikati, taulo kuukuu juu. Wenzangu walinicheka wakaniita mama barafu. Kutoka sokoni mpaka kwangu Langoni ni mwendo mfupi, lakini hakuna anayetoka sokoni na kufika nyumbani moja kwa moja katika mji huu. Utakutana na shangazi, utaulizwa hali ya mgonjwa, utapisha punda watatu wenye mawe, na saa imekwisha. Ukifika kwenu umeshazipoteza dakika ambazo hukuzihesabu.

Wakati wa kusi kali, miezi ile ya katikati ya mwaka bahari inapochafuka, wavuvi wengi hawatoki mbali na samaki huadimika. Anayeuzwa huenda ametoka kwenye friza siku kadhaa. Si vibaya, lakini uliza, kwa sababu aliyekwisha yeyuka akagandishwa tena si sawa na aliyegandishwa mara moja.

Sasa hoti poti. Hapa najua nitagombana na watu.

Mimi nilikuwa naamka saa kumi alfajiri, napika wali wa mchana na wa usiku kwa pamoja, najaza hoti poti mbili, naondoka. Nilijiona hodari. Baada ya kisa cha jodari nilinunua kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano, nikakaa siku moja ya likizo napima. Wali ulipoingia saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa nyuzi 88. Adhuhuri ulikuwa 57. Magharibi, 41. Ukiushika unahisi umoto, unasema alhamdulillahi bado una joto, kumbe hilo ndilo joto ambalo bakteria hulipenda kuliko lote. Kati ya nyuzi 5 na 60 huzaliana haraka. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kikae juu ya nyuzi 60. Hoti poti yangu ilikuwa inanilelea vijidudu kwa saa sita mfululizo na kifuniko juu.

Wali una jambo lake. Mchele huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifunga katika vijimbegu vigumu visivyokufa kwa kuchemka. Wali ukibaki vuguvugu, huamka, hutoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haiondoki hata uupashe moto mara kumi. Mavyaa ana msemo wake, "Wali mweupe hulala, wa nazi haulali," yaani wa nazi hauwekwi mpaka asubuhi. Nusu ni kweli. Wa nazi ukiharibika huchacha na pua inakwambia. Mweupe ukiharibika haukwambii kitu, na ndio maana mimi namwogopa zaidi yule mkimya.

Sijasema tusile viporo. Kiporo cha wali kwa chai ya asubuhi ni raha ambayo sitaiacha. Ila sasa wali wa usiku ukibaki, naumwaga juu ya sinia, nauchambua kwa mwiko, nauweka chini ya pangaboi. Sufuria nzima iliyofunikwa hukaa moto katikati usiku kucha, hata ndani ya friji, lakini wali uliotandazwa hupoa kabla sijamaliza kuosha vyombo. Halafu unaingia friji katika chombo kipana cha kina kifupi. Unaliwa kesho yake, umepashwa mpaka unatoa mvuke wote, na haurudi friji tena. Na hoti poti bado ninayo. Huitia maji yanayochemka kwanza ipate moto, kisha naitumia kwa saa mbili tatu wageni wakija. Kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Chakula cha mchana cha watoto kilinisumbua zaidi. Walikuwa wakibeba wali na mchuzi kwenye kopo la plastiki tangu alfajiri, wanakula saa saba. Nikabadilisha. Siku za shule hubeba vitu visivyojali joto: mkate wa mofa, ndizi, njugu, embe wanalolimenya wenyewe. Chakula cha mchuzi hukila usiku, kwa sababu usiku mimi nipo.

Na usiku ninapika kwa dakika 30, nikichelewa 40. Siri ni Jumamosi alasiri. Nachemsha kunde, mbaazi au maharagwe ya wiki nzima na kuyagawa kwenye vifuko, kila kifuko mlo mmoja. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, hivyo huyaloweka usiku kucha, maji yale nayamwaga, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla sijapunguza moto. Anayetumia kikapu cha kupikia, kile kinachoivisha chakula kwa joto lililofungiwa ndani, azingatie hilo, moto mdogo peke yake hautoshi. Samaki naye huoshwa, hukatwa, hugawanywa hivyo hivyo. Tui nalikamua mara moja: la kwanza kwenye vifuko vidogo, la pili kwenye vikubwa, yote friza. Ukiwa na tui zito kidogo kidogo namna hiyo huwezi kulimwaga ovyo. Mchuzi wangu siku hizi hupikwa na tui la pili, la kwanza naongeza vijiko viwili tu mwishoni, na hakuna aliyelalamika ila mavyaa, ambaye angelalamika vyovyote.

Thomu na tangawizi nasaga pamoja na kugandisha kwenye vile vibati vya barafu. Zamani nilikuwa nasaga thomu, naitia mafuta ya kula ndani ya gudulia, naiweka kando ya jiko wiki mbili. Dada yangu bado anafanya hivyo na ninamwambia kila nikimtembelea: thomu iliyozama kwenye mafuta, bila hewa, kwenye joto, ni mahali ambapo bakteria wa botulismi anaweza kutengeneza sumu inayopooza mwili, na haina harufu. Mafuta hayahifadhi thomu. Yanaifungia hewa tu.

Kuyeyusha: kifuko cha kesho hushuka kutoka friza kwenda friji usiku kabla sijalala, kwenye sahani, rafu ya chini kabisa ili majimaji yasidondokee kachumbari. Nikisahau, na nasahau, nakizamisha kwenye maji baridi kikiwa kimefungwa, nayabadilisha kila nusu saa. Kuku sioshi tena chini ya mfereji. Yale maji yanayoruka ndiyo yanayosambaza vijidudu kwenye vyombo na nyanya zilizo kando, moto ndio unaomsafisha. Hili mavyaa hajalikubali na sidhani kama atalikubali.

Kachumbari ina kisu chake na ubao wake. Maji yake ni ya kuchemshwa au ya kutiwa klorini, kwa sababu visima vyetu, mjue, viko jirani mno na mashimo ya vyoo. Wazee waliokuwa wakifuga visamaki ndani ya birika, lile tangi la maji la kujengwa nyumbani, walikuwa na akili, vilikula viluwiluwi vya mbu, lakini visamaki havili kipindupindu.

Chumvi nayo. Shirika hilohilo la Afya linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai hivi. Sikuwa najua sisi tunakula ngapi mpaka nilipoandika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti ya nusu kilo. Nyumba ya watu watano, kwa kipimo hicho, pakiti ingepaswa kwenda angalau siku 20, tena watoto wanahitaji kidogo kuliko sisi. Yetu ilikwisha siku ya 11. Na hapo sijahesabu ng'onda, wala achari, wala vile vidonge vya supu ambavyo nilikuwa navivunjia kila mchuzi. Vidonge nimeacha. Mahali pake nimerudisha ukwaju, ndimu na embe mbichi, uchachu unaoufanya ulimi usikumbuke chumvi. Pakiti ya sasa iko siku ya 17 na bado inachezacheza.

Nimebakisha stima. Inapokatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushika baridi kama siku mbili, iliyo nusu siku moja, na friji ya kawaida saa nne hivi. Shida ni pale inapokatika ukiwa kazini na kurudi kabla hujafika: vitu vimeyeyuka, vimeganda tena, na wewe huna habari. Kwa hiyo ndani ya friza nina kikombe cha maji yaliyoganda na juu ya barafu nimeweka sarafu ya shilingi ishirini. Nikirudi nikaikuta juu, salama. Nikiikuta imezama chini ya barafu, friza iliyeyuka nikiwa sipo, na samaki anakwenda kwa paka wa mtaani, ambao Lamu hawajawahi kukataa kitu.

Jumanne iliyopita nilirudi nikafungua friza, kikombe kipo, barafu ipo, sarafu haipo, juu wala chini. Nilisimama pale na mfuko wa nguru mkononi nikiwaza fizikia. Kisha nikamwona wa mwisho wangu mlangoni, midomo myekundu kwa mabuyu.