Sufuria za jumla Majengo: angalia kitako kwanza

Dada, karibu Dodoma. Kwa kuwa umehamia kutoka Nairobi na unataka vyombo vya jumla soko la Majengo, usianze na bei. Uliza jumla inaanzia ngapi: sahani na vikombe huhesabiwa kwa dazeni, sufuria kwa seti, moja ndani ya nyingine. Fungua seti yote, maana ya juu inaweza kuwa nzito na za ndani karatasi tupu. Bonyeza katikati ya kitako kwa dole gumba; kikibonyea, iache. Kitako chembamba hupinda kwa moto wa mkaa, sufuria inacheza jikoni na ugali unaungua katikati. Na huu wetu wa uwele unataka kukandamizwa kwelikweli!

Kama una jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku. Isiponata kitakoni, hupiki kitu. Aluminiamu tupu hainati. Chupa ya chai ijazwe maji ya moto palepale, usubiri dakika 10: ubavu ukipata joto, haifai. Sahani za melamini, yaani plastiki ngumu, ni imara, ila zisiingie kwenye maikrowevu. Dazeni uzihesabu mwenyewe kabla boksi halijafungwa.