Sisimizi moto uani: mwueni malkia, si vibarua wake

Maswali ya safari hii yote yanahusu sisimizi moto. Nimeyafupisha, lakini sikubadili maana yake.

Swali: Naomba unitajie dawa kali kuliko zote ya kuua siafu waliojaa uani kwangu.

Jibu: Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara mwulizaji hasemi mdudu wake ana umbo gani, amejenga wapi, wala anauma vipi. Ndugu msomaji, jina la siafu limebebeshwa wadudu ambao hawafanani kwa lolote. Siafu halisi hawaoni, hutembea kwa safu ndefu kama kamba, hawana makao ya kudumu, na wakiingia nyumbani hula mende na chochote kisichoweza kukimbia, kisha huenda zao. Hao hawahitaji dawa bali kupishwa, na mtoto mchanga na vifaranga waondolewe njiani mapema. Majimoto ni wale wekundu wanaounganisha majani mtini kwa hariri ya mabuu wao, na mwenye mti wa matunda anayewaua anajiondolea walinzi wanaomfukuzia kunguni wafyonzao matunda machanga. Sisimizi moto ni wadogo, wana rangi ya hudhurungi inayokaribia wekundu, tumbo lao ni jeusi zaidi, na katika kichuguu kimoja utawakuta wa milimita 2 na wa milimita 6 wakifanya kazi bega kwa bega. Kichuguu chao ni cha udongo laini kama uliochekechwa, na juu yake huoni tundu la kuingilia.

Simama mbali, uchomeke kijiti kirefu kidogo tu ubavuni mwa kichuguu. Kama ni wao, baada ya sekunde chache mamia watakuwa wanakipanda kijiti hicho kuelekea mkononi mwako, na hapo ukitupe. Ukishayaona hayo kwa macho yako ndipo tuzungumze dawa, wala tusizungumze iliyo kali, kwa sababu ukali wa dawa ndio unaowaharibia wengi kazi, kama nitakavyoeleza.

Swali: Shikamoo, mzee. Nilimwaga sufuria ya maji yanayochemka juu ya kichuguu, na siku tatu baadaye kikaibuka kingine mita mbili kutoka pale. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maji yanayochemka si kosa, ila kipimo kilikuwa kidogo na huenda saa nayo haikuwa yake. Kundi lililokomaa laweza kuwa na wafanyakazi wapatao 200,000, na njia zao hushuka ardhini zaidi ya mita moja. Sufuria moja inaua walio juu, inawashtua walio chini, na hao wa chini wanamhamisha malkia usiku uleule. Malkia mmoja hutaga mayai mia kadhaa kwa siku, na katika ubora wake hupita 1,000. Anaweza kuishi miaka 6 au zaidi. Ukiua vibarua 50,000 ukamwacha yeye, umempunguzia nguvu kwa majuma machache tu. Isitoshe, yapo makundi yenye malkia wengi, na hayo ndiyo yanayojaza uwanja mmoja vichuguu vilivyokaribiana.

Ukitaka kutumia maji, tumia lita 10 hadi 12 kwa kichuguu kimoja, asubuhi yenye ubaridi jua linapoanza kupasha udongo, kwa kuwa saa hizo malkia na mabuu hupandishwa juu kuota joto. Nenda kwa hatua za polepole, maana mtikisiko wa miguu unawapa taarifa, na umwage kwa mkupuo. Hata ukifanya hivyo sawasawa, utafaulu kwa vichuguu kama 6 kati ya 10. Majani na mizizi iliyo hapo itakufa pia. Na kwa hisani yako, usimtume mtoto kubeba maji hayo: nimeona mguu wa kijana uliobabuka kuanzia goti hadi kisigino kwa kazi hii hii, na hakuna sisimizi aliyewahi kumjeruhi mtu namna ile.

Swali: Je, petroli inafaa?

Jibu: Haifai, usiimwage. Inaua udongo, inashuka hadi kwenye maji mnayokunywa, na mvuke wake huwaka kwa cheche moja tu. Mafuta ya taa na oili chafu ni yaleyale.

Swali: Nilinunua chambo cha sumu, nikakimwaga juu ya kichuguu, wakakipuuza kabisa. Nimeibiwa?

Jibu: Hukuibiwa. Uliwawekea chakula mahali ambapo hawali, na nitalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua kama utawashinda au la.

Sisimizi moto wanaotafuta chakula hawatokei juu ya kichuguu. Hupita katika njia za chini ya ardhi zinazotambaa mita kadhaa, wakaibukia katikati ya majani. Ukimwaga kitu juu ya kichuguu wanakiona kuwa ni uvamizi na wanatoka kupigana. Kwa hiyo chambo kinanyunyizwa kukizunguka kichuguu, na kwa hakika ni bora kinyunyizwe ua mzima, kwa kuwa kwa kila kichuguu unachokiona huenda kipo kichanga usichokiona.

Chambo chenyewe kwa kawaida ni chenga za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya, na sumu imeyeyushwa ndani ya mafuta hayo kwa kiasi kidogo mno. Mfanyakazi mzima hawezi kumeza kitu kigumu. Koo lake huchuja hata chembe zisizoonekana kwa macho, hivyo hunywa vimiminika tu. Kile kigumu hukibeba hadi ndani na kukiweka juu ya tumbo la buu mkubwa, kwenye kijishimo kidogo chini ya mdomo wake, kama mtu anavyomwekea mtoto chakula kifuani. Buu huyo hukitemea ute, hukiyeyusha, kisha wafanyakazi humlamba na kugawana umajimaji, mdomo kwa mdomo, hadi unamfikia malkia. Hebu sasa fikiria dawa kali inayomwua mbebaji kabla hajafika mlangoni: malkia hataionja kamwe. Sumu ifaayo ni ile inayochelewa.

Yaliyobaki ni nidhamu. Kwanza wajaribu kwa kipande cha kitu chenye mafuta kama karanga iliyosagwa au soseji, ukiweke majanini mahali penye kivuli. Baada ya dakika 20 au 30 kama wamekijaa, wana njaa na siku ni nzuri. Kama hawakuja, funga pakiti yako usubiri. Wanatafuta chakula vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 35 za Selsiasi, hivyo msimu wa joto kali nyunyiza jioni. Majani yawe makavu, na isiwe siku ya mvua wala ya kumwagilia bustani, kwa kuwa chenga zikilowa haziliwi. Usihifadhi chambo karibu na mbolea, petroli au dawa ya kupuliza, kwani mafuta yake hunyonya harufu na sisimizi watakikataa; vivyo hivyo pakiti iliyokaa wazi tangu mwaka jana imeshachacha. Kipimo ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Vyambo vingi vya kunyunyiza huhitaji kilo 1 hadi 2 tu kwa hekta nzima, kwa hiyo ukiona umemwaga rundo, umepoteza pesa na umehatarisha ndege.

Usivuruge vichuguu siku unayonyunyiza. Vyambo vya sumu hutoa matokeo baada ya siku chache hadi majuma mawili au matatu. Vile vinavyozuia mabuu kukua na malkia kutaga huchukua miezi. Wengi hushindwa hapa: siku ya nne wanachoka, wanachukua dawa ya kupuliza, wanawaua wabebaji wote walipokuwa wanakaribia kumaliza kazi.

Swali: Nimesikia kwamba ukiwapa unga mkavu wa mahindi unavimba tumboni wanapasuka. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, nimeshasema hawamezi kigumu. Utakuwa umewapa chakula.

Swali: Mtoto wangu alisimama juu ya kichuguu akaumwa mguu mzima. Kesho yake yalitoka malengelenge yenye usaha, na shangazi yake akayapasua kwa sindano ili sumu itoke. Tuendelee hivyo?

Jibu: Mama, acheni leo hii. Sisimizi moto hung'ata kwanza kwa taya ili ajishikize, kisha hukunja tumbo na kuchoma kwa mwiba, huzunguka kidogo akiwa ameng'ang'ania palepale, akachoma tena na tena. Ndiyo maana mtaona vidonda vimejipanga kama nusu duara. Sumu yake huua nyama iliyo chini ya ngozi, na baada ya saa 24 hivi hutokea kilengelenge cheupe. Kinachoonekana kama usaha hapo si maambukizi, na kwa kawaida hukauka chenyewe kwa siku 7 hadi 10. Sindano ndiyo inayoingiza vijidudu na kugeuza kipele kuwa donda.

Siku nyingine mtoto akivamiwa, mwondoeni hapo kwanza, kisha wapanguseni sisimizi hao kwa kiganja au kitambaa kwa haraka na kwa nguvu. Kumwagia maji peke yake hakutoshi kwa kuwa wameshikilia kwa taya, na nguo zivuliwe maana hubaki kwenye mikunjo. Osheni kwa sabuni, wekeni kitambaa chenye maji baridi, mnyanyueni mguu, na kateni kucha zake asijikune.

Jambo ambalo hukuniuliza, nami nataka kila msomaji alijue: wako watu ambao miili yao haiistahimili sumu hii. Midomo, ulimi au uso ukivimba, vipele vikienea mbali na pale alipoumwa, pumzi ikibana, akitapika au akizimia, hiyo si kazi ya barafu wala ya mitishamba. Mpelekeni hospitali papo hapo, kwa kuwa mtu hufa kwa dakika. Na aliyepatwa na hayo mara moja azungumze na daktari kuhusu kubeba sindano ya adrenalini.

Swali: Mimi nataka ua usiwe na sisimizi wa aina yoyote. Nipulizie dawa gani kila mwezi?

Jibu: Nakusihi usifanye hivyo, na nitakupa historia. Sisimizi moto wekundu ni wenyeji wa Amerika Kusini. Waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930. Kuanzia mwaka 1957 serikali ya huko ilipuliza kwa ndege dawa za heptakloro na dieldrini juu ya eneo kubwa. Wakafa ndege, samaki na wanyama wa porini, na wakafa sisimizi wenyeji. Baadaye ikatumika dawa ya mireksi hadi ilipopigwa marufuku katika miaka ya 1970. Sisimizi moto walirudi, na wakaenea zaidi, kwa sababu hakuna anayewahi ardhi tupu kama wao.

Sababu yake unaweza kuiona uani kwako. Siku ya joto baada ya mvua, malkia wachanga wenye mabawa huruka, hupandwa angani, hushuka, hujikata mabawa na kuanza kuchimba. Saa hiyo kila mmoja yuko peke yake, na sisimizi wa kawaida waliozunguka pale humkamata na kumla. Walio wengi huishia hivyo. Ua uliopuliziwa hadi ukawa kimya hauna wa kumkamata. Ndiyo maana nasema chambo kitumike pale walipothibitika kuwapo, na sisimizi wengine waachwe.

Swali: Walifikaje kwangu wakati jirani zangu hawana?

Jibu: Angalia miche ya vyunguni, udongo wa kujazia, majani ya kupanda na marobota ya nyasi uliyoyaleta. Hivyo ndivyo wanavyovuka hata bahari: mwaka 2001 walikutwa Brisbane, Australia, na pia Auckland, New Zealand, ambako waliwahiwa mapema wakatokomezwa. Chungu chochote kipya kigongwe na kikaguliwe chini kabla hakijaingia uani.

Swali: Wamejaa ndani ya kisanduku cha umeme cha kiyoyozi.

Jibu: Zima umeme kwanza, umwite fundi. Usipulize dawa ya maji humo. Vyombo vya umeme huwavuta, na wanaounguzwa hutoa harufu inayowaita wenzao, hivyo chambo kiwekwe nje kuzunguka kisanduku, na matundu ya nyaya yazibwe baada ya kusafishwa.

Swali: Nitajuaje kwamba nimewamaliza?

Jibu: Kichuguu kilichonyeshewa kikasambaa bila kujengwa upya ni dalili njema, lakini si ushahidi. Rudia kile kipande chenye mafuta katika pembe zote za ua, asubuhi au jioni isiyo na joto kali, mara moja kila mwezi. Wakija, rudi kwenye chambo. Wasipokuja, endelea kuangalia, hasa majuma machache baada ya mvua yenye joto, maana malkia wa jirani anaweza kuruka zaidi ya kilomita moja kabla hajatua kwako.