Maswali na Majibu: Mazoea ya Dereva na Afya ya Gari

Wiki hii ni zamu ya madereva wa Malindi na Watamu.

Gari langu ni la kwenda sokoni na kurudi Muyeye tu. Hata kilomita nne kwa siku hazifiki, lakini fundi ananihimiza nibadilishe oili mapema. Ananila?

Hakuli. Safari fupi huchosha injini kuliko kwenda Mombasa. Petroli ikiungua hutoa mvuke, takriban lita moja ya maji kwa kila lita ya petroli. Injini iliyopata moto huutoa wote kwenye ekzosi. Yako yazimwa kabla haijapata moto, basi maji hubaki: mengine huozesha silensa kwa ndani, mengine hupenya kwenye ringi za pistoni yakachanganyika na oili, pamoja na petroli ambayo haikuungua.

Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili utazame upande wake wa chini. Ukiona utando mweupe unaonata, kama tui zito, ndio huo mchanganyiko wa maji na oili. Ila ukiuona na maji ya rejeta nayo yapungua, yaweza kuwa gasketi ya hedi imeharibika, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Usiliendeshe, mwite fundi.

Mara moja kwa wiki lipeleke Gede na kurudi bila kulizima. Oili nayo uihesabu kwa miezi: sita ikitimia, mwaga, hata kama umeenda kilomita 700 tu. Na kuliacha likinguruma uani si dawa, maana likisimama huchelewa kupata moto na petroli yaisha bure.

Tuktuk husimama popote, kwa hivyo mguu wangu haubanduki kwenye klachi. Pana ubaya?

Upo. Uzito wa mguu peke yake watosha kuifanya beringi ya klachi izunguke muda wote, na pleti ikiteleza kidogo hupata moto ikalika. Ukisimama zaidi ya sekunde chache, tia nyutro, kanyaga breki, ondoa mguu wa kushoto kabisa.

Wataka kujua kama pleti imeshalika? Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki, tia gia ya tatu, kisha achilia klachi polepole. Injini ikizima, pleti bado yashika. Ikiendelea kunguruma, imekwisha. Jaribu mara moja tu, maana jaribio lenyewe huila pleti.

Naongeza maji ya kisima kwenye rejeta. Kuna neno?

Visima vyetu vingi ni vya chumvi. Chumvi hula alumini, na chokaa huganda ndani ya mirija ya rejeta kama inavyoganda kwenye birika la chai. Changanya kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji yaliyokenekwa nusu, yaani maji yaliyotolewa chumvi, ambayo huuzwa kama maji ya betri. Kulanti iliyokwisha kuchanganywa dukani haiongezwi kitu. Ukinunua maji ya betri soma chupa vizuri, wengine huuza asidi kwa jina hilohilo. Umekwama njiani na kisima ndicho kilichopo? Tia, ufike, kisha umwage yote na kuisuuza rejeta. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto.

Nikitoka ufuoni naosha bodi. Yatosha?

Bodi ndiyo ya mwisho kuumia. Chumvi hujificha chini: kwenye mabomba ya breki, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye maungio ya chesi. Siku hiyohiyo pitisha hozi ya maji matamu chini ya gari dakika kumi. Kisha zunguka kidogo ukikanyaga breki mara nne au tano zikauke, la sivyo zitashikana usiku kucha na asubuhi gari halitoki. Na kama ulipunguza upepo wa matairi ili usizame mchangani, jaza kabla ya kurudi lami. Kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.