Picha za upande wa wanawake zisijirushe zenyewe

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, na kazi yangu kubwa ni upande wa wanawake: hina, singo, kesha. Picha nahifadhi Google Photos. Nataka nikishaweka picha kwenye albamu ziende zenyewe kwenye tovuti yangu ya WordPress, maana kuzipakia moja moja usiku kunanichosha. Mwenzangu ananiambia siku hizi haiwezekani. Ni kweli? (Mpiga picha, Tanga)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa Google Photos, mwenzako kasema kweli. Tangu tarehe 31 Machi 2025, programu ya nje inaruhusiwa kusoma humo picha zile tu ambazo yenyewe ilizipakia. Zilizobaki, lazima mwenye akaunti azichague kwa mkono wake kila zinapohitajika. Kwa hiyo kuiambia Zapier au Make, huduma za mtandaoni zinazounganisha programu moja na nyingine ili kazi zijifanye zenyewe, ikae inaitazama albamu yako na kuchukua kila kinachoingia, hakuna tena. Ukikuta video inayofundisha hivyo, tazama kwanza ni ya mwaka gani kabla hujamaliza bando.

Mimi mabadiliko hayo yamenifurahisha, na kwa kazi kama yako nayaunga mkono kabisa. Albamu ya simu ina kila kitu: bibi harusi hajafunikwa kichwa, mashoga zake wanacheza ndani milango imefungwa, mtoto anaogeshwa, risiti ya duka. Mashine haijui ipi ni ya kuonyesha watu na ipi ni ya chumbani.

Njia iliyobaki ni folda. Google Drive na Dropbox, hifadhi za mafaili mtandaoni, zote zinakubali kuunganishwa na Zapier, Make au mwenzao n8n, na kianzio ni kile kile: faili jipya likiingia kwenye folda fulani, kazi ya kulipeleka WordPress ianze. Kumbuka tu kwamba picha zako za Google Photos hazimo ndani ya Drive. Huduma hizo mbili ziliacha kuoanishwa Julai 2019. Lakini nafasi ya bure ya GB 15 zinagawana, pamoja na Gmail. Usiijaze kwa mafaili mazito ya kamera. Ukimaliza kusafisha picha, toa nakala ndogo yenye upande mrefu wa pikseli 2048. Kwa tovuti inatosha sana.

Folda hiyo iwe peke yake, uiite TAYARI, na isiingie picha hata moja kabla bibi harusi mwenyewe hajaridhia. Hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Wengi hudhani wakiweka hatua ya mwisho iwe rasimu kule WordPress, wako salama mpaka wabonyeze kuchapisha. Rasimu inaficha ukurasa. Faili la picha lenyewe likishapakiwa linakaa kwenye hifadhi ya tovuti, na kwa kawaida mwenye kiungo chake analifungua bila kuulizwa nywila. Weka rasimu, ndiyo, ili usome maelezo na kupanga mfululizo, ila ruhusa ya bibi harusi itangulie folda. Mwonyeshe picha kwenye kompyuta yako, akae na dada yake au somo wake, achague. Akisita kwa picha moja, iache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania tangu Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria, mwanamke aliyekufungulia mlango wa ndani amekuamini.

Picha ulizopiga kwa simu zina jambo jingine: simu ikiruhusiwa huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, hadi mtaa na nyumba. Unapotoa nakala ndogo, ondoa taarifa hizo. Programu nyingi za kusafishia picha zina kisanduku cha kufanya hivyo.

Kwa WordPress usitoe nywila yako kuu. Tangu toleo 5.6 unaweza kutengeneza nywila ya programu kwenye ukurasa wa wasifu wako, moja kwa kila muunganiko, na kuifuta yoyote bila kugusa nyingine. Na ukiamua kuendesha n8n kwenye seva yako mwenyewe, muunganiko wa Google ukawa unakatika kila baada ya siku 7, sababu ni kwamba mradi wako kule Google, ule uliousajili ili n8n iruhusiwe kuingia, bado uko katika hali ya majaribio. Uhamishe kwenye hali ya matumizi halisi kisha uunganishe upya.

Siku bibi harusi akikuomba uondoe picha yake, kuifuta kwenye folda hakutoshi. Mtiririko huu unanakili tu, ufutaji hausafiri. Ingia maktaba ya WordPress uifute, kisha kwenye Drive umwage na pipa la taka, maana humo hukaa siku 30.

Swali: Nikiunganisha Dropbox na Zapier, wale wa Zapier wanapata nywila yangu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Hapana. Unapobonyeza kuunganisha, unapelekwa kwenye ukurasa wa Dropbox yenyewe, unaingia huko, na Dropbox inaipa Zapier tokeni, yaani kibali chenye mipaka yake. Soma kwanza mipaka hiyo kabla hujakubali. Baadaye ukitaka kuwatoa, fungua mipangilio ya akaunti yako ya Dropbox, sehemu ya programu zilizounganishwa, uwaondoe hapo. Kusimamisha mtiririko upande wa Zapier peke yake kunaacha kibali hicho kikiwa hai.