Mnaokuja fildi maktaba, kuhusu kitabu kinaenda rafu gani

Wadogo zangu mnaokuja fildi huku Mbeya mwezi wa saba, kwanza bebeni masweta, baridi ya huku haina utani na maktabani mtu anakaa tu hatembei. Pili ni hili la kupanga vitabu kwa aina. Kila mwaka wanakuja watu namba za Dewey, yaani zile za kupanga vitabu kwa mada, wanazitiririsha 000 mpaka 900 bila kukosea, alafu unampa kitabu kimoja tu mkononi anakwama.

Kinachowakwamisha ni jalada. Kitabu kina picha ya parachichi, basi mtu anaandika 634, matunda, kamaliza. Fungua yaliyomo kwanza jamani. Siku hizi parachichi ndo habari ya mjini Njombe na Rungwe, kuna vitabu vinafundisha kuotesha miche na kubebesha, hivo ni 634 kweli, ila unakuta kingine sura moja tu ndo ya shambani, zilizobaki zote ni vibali, kontena, bei na wanunuzi wa nje, hicho ni biashara ya nje, 382, picha isikuzuge. Na kikiwa nusu kwa nusu? Dewey inasema mada mbili zikilingana kabisa unachukua namba inayotangulia, kwahiyo 382 tena. Najua utaniuliza mkulima wa Tukuyu atakipataje na yeye anaenda kusimama 634. Ndo kazi ya katalogi hiyo, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, pale unaandika mada zote mbili, kitabu kinakaa sehemu moja lakini kinatafutwa kwa njia kibao. Hili likikuingia, mengine mepesi.

Kuna na ile ya kitu kimoja kuathiri kingine, mfano athari za mvua kwa mahindi. Usikimbilie hali ya hewa kule 551, nenda kwa anayeathirika, mahindi, 633.15. Basi.

Sasa fasihi, hapa ndo pana vituko. Melvil Dewey alikuwa Mmarekani, mfumo wake aliutoa 1876, na ukiuangalia tu unajua umetokea wapi, maana Kiingereza kimepewa 820 nzima, cha Marekani kina 810 yake, lugha zetu za Afrika nyingi tumebanana kwenye 896, Kiswahili ukikiandika vizuri kinakuwa 896.392. Kwenye dini ndo hivo hivo, Ukristo umetandaza kuanzia 220 mpaka 280 na kitu, Uislamu umepewa 297 peke yake. Binafsi naona sio sawa na wakutubi wengi duniani washalisema, ila ndo mfumo uliopo kwenye maktaba nyingi kwahiyo jifunze kuishi nao.

Na kitu wageni wengi hawakijui, fasihi inafuata lugha aliyoandikia mwandishi, sio kwao wapi wala kitabu ulichoshika kimeandikwa lugha gani. Abdulrazak Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar, Nobel kachukua 2021, lakini riwaya zake anaandika kwa Kiingereza, kwahiyo ni 823, na ikitafsiriwa Kiswahili bado ni 823. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Kiswahili kitamu kabisa, na zinaenda 822.33 ambayo ni namba ya Shakespeare mwenyewe. Mwanafunzi wa form four anayesoma Kiswahili hawezi kwenda huko hata siku moja, so mpeleke wewe.

Alafu kwenye fasihi umbo, yaani ni tamthilia, shairi au riwaya, linatangulia kabla ya mada. Akija mtu anataka vitabu vya Mkwawa, na huku Nyanda za Juu wanakuja sana hasa wa Iringa, ujue historia ya Wahehe na vita na Wajerumani iko 967.8, ila tamthilia ya Kiswahili inayomhusu iko 896.3922, hata kama kila tukio humo ndani ni la kweli. Ile 2 ya mwisho ndo tamthilia, 1 ni ushairi, 3 ni riwaya na hadithi fupi. Ngano za wazee kuhusu sungura na fisi hizo sio 896, ni 398.2, na methali 398.9.

Maktaba ndogo kama za shule mara nyingi hawahangaiki na namba zote hizo kwa riwaya, wanaandika HAD, yaani hadithi, na herufi tatu za mwanzo za jina la mwisho la mwandishi, Shaaban Robert anakuwa HAD ROB. Mimi naona iko poa tu, watoto wanapata kitabu haraka. Usifike siku ya kwanza ukaanza kubadilisha eti chuoni hatukufundishwa hivi, uliza wanafanyaje, na kama kuna daftari la maamuzi lisome, kama halipo waombe mlianzishe, muandike parachichi ya kuuza tumeweka wapi, ili anayekuja mwakani asiipeleke kwingine.

Lebo bandika chini ya mgongo wa kitabu, vyote kimo kimoja. Kitabu chembamba kisicho na mgongo bandika mbele, kona ya chini upande wa kushoto, alafu pitisha selotepu juu yake, la sivyo mwezi wa nane lebo zote ziko chini.